Kilo Zile Zile, Mwili Mwingine

Wiki ya tatu ndiyo inayowatoa watu jimu. Si ya kwanza, ambayo mapaja huuma hadi kushuka ngazi ni kazi, wala ya pili, ambayo hamu bado ni mpya. Ni ya tatu, siku mtu anapopanda mizani akitegemea kuona malipo ya jasho lake, akakuta amezidi kilo moja na nusu kuliko siku alipoanza. Anashuka, anapanda tena, anaisogeza mizani kwenye sakafu iliyo sawa. Namba ni ile ile. Ninaowaona wakiondoka zaidi ni wanawake, kwa sababu wengi walikuja na neno moja tu, "Kocha, nataka kupungua," naye kocha akawapandisha mizani siku hiyo hiyo, akaandika kilo zao, basi. Hakuna kingine kilichoandikwa. Kwa hiyo kilo zilipopanda, hapakuwa na ushahidi mwingine wa kuwatetea.

Mtu anayenyanyua vyuma na kuangalia mlo wake anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: anapunguza mafuta na kuongeza misuli. Mizani hujumlisha yote mawili, ikaongeza maji, chakula kilichomo tumboni na mkojo ambao haujatoka, kisha ikatoa namba moja. Ukipoteza kilo mbili za mafuta na kupata kilo mbili za misuli, mizani itakuambia hujafanya kitu. Nami nasema kocha anayemfuatilia mwanafunzi wake kwa mizani peke yake hamfuatilii. Anampima tu.

Kilichotokea wiki ile ya tatu kinaeleweka vizuri. Misuli isiyozoea mzigo huumia kidogo kidogo inapofanyishwa kazi, na mwili hupeleka maji mahali hapo wakati wa kuitengeneza. Halafu misuli inayofanya mazoezi huanza kuweka akiba kubwa zaidi ya glaikojeni, yaani wanga wa kuipa nguvu, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ongeza chumvi ya chipsi za jana usiku. Ongeza siku za mwezi kwa mwanamke. Anayetumia kirutubisho cha kreatini anaweza kubeba kilo moja au mbili za maji ndani ya wiki ya kwanza tu. Katika hayo yote mafuta hayajaongezeka hata kidogo. Mafuta hayana mbio hizo: kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba takriban kalori 7,700, na chapati moja ya kawaida ina kama kalori 300. Ili uamke na kilo mpya ya mafuta ingebidi jana ule zaidi ya chapati ishirini juu ya chakula chote unachohitaji kwa siku. Wenye uwezo huo ni wachache.

Hoja hii imekuwepo tangu zamani. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, daktari wa jeshi la majini aitwaye Albert Behnke na wenzake waliwachunguza wachezaji 25 wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani. Kwa majedwali ya uzito na urefu yaliyotumika wakati ule, 17 kati yao walihesabiwa kuwa wazito mno kwa jeshi na kwa bima ya daraja la kwanza. Behnke alikuwa na njia nyingine: alimpima mtu nchi kavu, akampima tena akiwa amezama majini, kisha akakokotoa msongamano wa mwili wake. Sentimita moja ya ujazo ya mafuta ina uzito wa karibu gramu 0.9, sehemu isiyo na mafuta inakaribia gramu 1.1. Majibu yalionyesha kwamba wengi wa wale waliokataliwa na jedwali walikuwa na mafuta machache tu. Uzito wao ulikuwa misuli, na jedwali halikuwa na njia ya kulijua hilo.

Zaidi ya miaka themanini imepita na bado tunapimwa kwa majedwali. Ile hesabu ya kugawanya kilo kwa kipeo cha pili cha urefu ilitokana na kazi za Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wengi. Ancel Keys ndiye aliyeipa jina linalotumika leo, mwaka 1972, naye alikuwa akizungumzia tafiti za makundi ya watu. Kwa wizara ya afya inayotaka kujua hali ya mkoa mzima, hesabu hiyo inafaa sana. Lakini mwanamume wa kilo 90 mwenye urefu wa mita 1.75 atapata 29.4, pua na mdomo na unene wa kupindukia, awe ni mpiga vyuma wa Tandika au karani mwenye kitambi. Mmoja wao anahitaji kuonywa. Mwingine anahitaji kuachwa afanye kazi yake.

Basi tupime kwa nini? Kwangu mimi kitu cha kwanza ni daftari. Daftari la shule la kawaida, na kalamu.

Daktari Thomas DeLorme aliingia katika historia ya mazoezi mwaka 1945 kwa kazi aliyoifanya katika hospitali ya jeshi mjini Chicago. Askari walikuwa wakirudi na magoti yaliyoumia na mapaja yaliyosinyaa. Mtindo wa siku zile ulikuwa kuwapa mzigo mwepesi waurudie mara nyingi. DeLorme akafanya kinyume: alitafuta uzito ambao mgonjwa anaweza kuunyanyua mara kumi na si zaidi, akauandika, akamfanyisha mazoezi kwa uzito huo, kisha akaupima upya kila wiki na kuupandisha kadiri nguvu zilivyokua. Sehemu kubwa ya programu za vyuma tunazozifuata leo imetoka humo. Ninachotaka kocha wa leo akione ni kwamba kwa DeLorme kumbukumbu ilikuwa ndiyo tiba yenyewe. Bila kuandika uzito wa wiki iliyopita, wa wiki hii ungetoka wapi?

Wapo watakaosema hayo ni ya watu wenye jimu za kisasa. Sivyo. Kwenye viwanja vya mtaani, Temeke au Kawangware, vyuma vingi ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, na hakuna anayejua kilo zake kamili. Haidhuru. Andika kwa rangi juu ya kopo: A, B, C. Kama mwezi wa kwanza ulikuwa unainua B mara sita na sasa unaiinua mara kumi na mbili kwa mtindo ule ule, bila kurusha mgongo, nguvu zako zimeongezeka, na hakuna mizani duniani inayoweza kulikanusha hilo. Maendeleo yanahitaji kipimo kisichobadilika kuliko yanavyohitaji kipimo chenye chapa ya kiwanda. Mwenye vyuma vyenye namba anaweza kutumia pia fomula ya Epley: gawanya idadi ya marudio kwa 30, jumlisha moja, kisha zidisha kwa uzito. Kilo 40 mara nane ni sawa na uwezo wa kunyanyua karibu kilo 51 mara moja. Kilo 45 mara tano, kilo 52.5. Hivyo utajua umepanda hata kama idadi ya marudio imeshuka.

Lakini daftari nalo lina mpaka wake. Wiki za mwanzo nguvu hupanda kwa haraka hata kabla misuli haijakua, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuziita nyuzi nyingi zaidi za misuli zifanye kazi pamoja. Moritani na deVries walilionyesha hilo mwaka 1979. Kwa hiyo anayeanza akiongeza mzigo maradufu ndani ya mwezi asikimbilie kudai kwamba ameshajenga mwili. Nguvu zinazoendelea kupanda baada ya miezi miwili mitatu, katika zoezi ulilokwisha kulijua vizuri, ndizo zinazozungumza zaidi juu ya misuli.

Kitu cha pili ni utepe wa fundi cherehani. Ni wa bei ndogo, unapatikana kila duka la vifaa vya ushonaji, na kwa maoni yangu ndicho chombo kinachodharauliwa kuliko vyote jimu. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi ya kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Paja na mkono wa juu hupimwa mahali pale pale kila mara. Wenye kujali hutumia doa la ngozi kama alama au kuhesabu vidole kutoka gotini. Kila baada ya wiki mbili inatosha. Utepe wa zamani hurefuka, basi ulinganishe na rula mara moja moja. Kiuno kina uzito wa pekee kwa sababu mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo yanayoandamana zaidi na kisukari na maradhi ya moyo, na kipimo kinachopendekezwa na wataalamu wengi ni chepesi kukumbuka: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 164 asifike 82.

Na mizani? Mizani ibaki. Ninachopinga ni jinsi inavyotumiwa. Chombo chenyewe hakina kosa. Anayeweza kujipima kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, aandike, na mwisho wa wiki achukue wastani wa siku zote saba. Wastani wa wiki ukilinganishwa na wastani wa wiki nyingine huondoa sehemu kubwa ya kelele za maji na chumvi. Mwanamke alinganishe pia mwezi kwa mwezi, wiki ile ile ya mzunguko wake. Ile mizani ya kijana wa kituo cha basi, unayoipanda na viatu, saa kumi jioni, umetoka kula wali maharage, haiwezi kulinganishwa na chochote. Wakati wa Ramadhani tofauti huwa kubwa zaidi. Wanaofanya mazoezi Mombasa au Zanzibar baada ya tarawehe, wakijipima leo kabla ya futari na kesho baada ya daku, wataona kilo zikiruka huku na kule, na karibu zote ni maji. Wachague saa moja, wabaki nayo mwezi mzima.

Nikifika kwenye mashine zinazotoa asilimia ya mafuta, hapo nina ugomvi. Siku hizi kila jimu yenye vioo vikubwa ina mizani ya kukanyaga bila viatu inayokuchapia karatasi: mafuta asilimia 31.4, misuli kilo 46.2, hadi "umri wa mwili". Nukta zile za desimali huwatia watu imani kubwa. Kinachofanyika ni kwamba umeme mdogo sana hupitishwa mwilini. Maji ya mwilini, ambayo mengi yamo kwenye misuli, huupitisha kwa urahisi, mafuta huuzuia, mashine hupima upinzani huo, kisha hukisia. Nasema hukisia kwa sababu huchanganya kipimo na umri, jinsia na urefu ulioingiza mwenyewe. Mashine nyingi zina kitufe cha "mwanamichezo". Kibonyeze, ujipime tena dakika hiyo hiyo, na asilimia ya mafuta itashuka mwili ukiwa haujabadilika hata chembe. Zaidi ya hapo, mizani ya kukanyaga hupeleka umeme wake zaidi miguuni, na ukiwa na kiu au umetoka kufanya mazoezi majibu hubadilika.

Fanya hesabu. Makocha wazoefu hukadiria kwamba mwanamume anayeanza, akila na kulala vizuri, akiongeza kilo moja ya misuli kwa mwezi amefanya vizuri sana. Mwanamke kama nusu yake. Mashine ikikosea kwa pointi tatu tu za asilimia kwa mtu wa kilo 80, hizo ni kilo 2.4. Kosa la kipimo ni kubwa kuliko badiliko lote la mwezi! Kisha kocha anamwambia dada wa watu kwamba amepoteza misuli, naye anakwenda nyumbani na huzuni isiyo na sababu.

Hata vipimo vya maabara vina makisio ndani yake, na hili linatuhusu sisi hasa. Fomula ya William Siri, iliyotumika miaka mingi kugeuza msongamano wa mwili kuwa asilimia ya mafuta, inadhani kwamba sehemu isiyo na mafuta ina msongamano ule ule kwa kila binadamu. Mwaka 1984 watafiti nchini Marekani waliripoti kwamba kwa wanaume weusi waliowapima msongamano huo ulikuwa juu zaidi, kwa hiyo fomula ile iliwaonyesha mafuta machache kuliko waliyokuwa nayo. Mashine nyingi za jimu zilijifunza kukisia kutokana na vipimo vya watu wa nchi nyingine. Mashine ya DEXA, inayotumia miali ya eksirei ya nguvu mbili tofauti, ni bora zaidi, ila si mashine ya kila hospitali, wala bei yake si ya kulipa kila mwezi. Aliye na mizani ya umeme nyumbani asiitupe. Aitazame kwa miezi, saa ile ile, hali ile ile, aangalie mwelekeo wa namba na kuziacha desimali.

Utamu uko kwenye kuvisoma vitu vitatu pamoja. Tuchukue mfano wa mwanamke wa kilo 78. Miezi minne baadaye wastani wake ni kilo 77. Mizani inasema kilo moja, na shemeji yake atamwambia anapoteza hela. Lakini kiuno kimetoka sentimita 94 hadi 87, paja limebaki vilevile, na kwenye skwati ametoka kilo 20 mara kumi hadi kilo 50 mara kumi. Hakuna maelezo mengine: mafuta yameondoka kilo kadhaa na misuli imeingia mahali pake. Sasa mchukue mwenzake aliyetoka kilo 78 hadi 70 kwa muda huo huo, lakini vyuma alivyovinyanyua mwezi wa kwanza sasa vinamshinda, na mkono na paja vimepungua pamoja na kiuno. Huyo mtaa mzima unamsifu. Mimi ningemhofia, maana sehemu ya kilo hizo nane ni misuli. Pengine anakula kidogo mno, pengine protini yake ni chai na mkate. Na yupo wa tatu, kijana anayetaka kutunisha misuli: uzito umepanda kilo sita, nguvu zimepanda kidogo, kiuno kimepanda sentimita saba. Anakula zaidi ya anavyojenga.

Kwamba mtu anaweza kupunguza mafuta na kuongeza misuli kwa pamoja limepimwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachukua vijana wa kiume 40, wakawapunguzia nishati kwa asilimia 40 ya mahitaji yao na kuwafanyisha mazoezi makali siku sita za juma kwa wiki nne. Waliokula gramu 2.4 za protini kwa kila kilo ya uzito walipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio na mafuta. Waliokula nusu ya protini hiyo walipoteza kilo 3.5 za mafuta, na misuli yao ikabaki palepale. Kwa mazoezi ya kawaida gramu 1.6 kwa kilo zinatosha: mtu wa kilo 70 ni gramu 112. Yai lina kama gramu sita, kikombe cha maziwa gramu nane, na dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Yote hayo yako sokoni, na yanaandikika kwenye daftari lile lile.

Ndiyo maana mashindano ya "nani kapungua kilo nyingi", yanayoandaliwa na jimu na hata ofisi, naona yana madhara. Yanamtuza anayekunywa maji kidogo, anayejinyima chakula siku tatu za mwisho, anayepoteza misuli. Wauza chai za kupunguza tumbo nao wanaishi kwa udhaifu huo huo: chai inaharisha, maji yanatoka, mizani inashuka, mteja anarudi kununua pakiti ya pili, na kiuno hakijasogea. Hata sindano mpya za kupunguza uzito, ambazo zinawasaidia wagonjwa wengi kwa uhalali kabisa, zinadai kipimo kipana zaidi. Katika utafiti mkubwa wa semaglutide, mojawapo ya dawa hizo, kwa wale waliopimwa kwa DEXA ilionekana kwamba karibu asilimia 40 ya uzito waliopoteza haikuwa mafuta. Mtu anayezitumia na hanyanyui kitu chochote kizito angepaswa kujua hilo, na mizani haitamwambia.

Kuna jambo la kwetu pia. Hapa mwili wa mtu ni habari ya jamii. Ukinenepa utaambiwa maisha yamekukubali. Ukikonda utaulizwa kama unaumwa, na wanaokumbuka miaka ya tisini, ukimwi ulipokuwa unawamaliza watu mbele ya macho yetu, wanajua kwa nini swali hilo bado linauma. Dada anayepunguza kiuno na kujenga mabega hulipwa kwa maneno ya kumkatisha tamaa kutoka pande zote mbili: amekonda, na anataka kuwa mwanaume. Anahitaji kitu chake mwenyewe cha kutazama, kilichoandikwa kwa mkono wake, ambacho maneno ya watu hayakigusi. Na kama kujipima kwenyewe kunamsumbua, kunamfanya aruke mlo au aamke usiku kujitazama kwenye kioo, mizani na utepe viwekwe kabatini, abaki na vyuma peke yake. Nguvu zinazopanda zinatosha kumwonyesha njia.

Wenye jimu wanaweza kulifanya hili kuanzia Jumatatu. Mteja mpya apewe daftari siku ya kwanza, apimwe kiuno, paja na mkono pamoja na uzito, na aambiwe waziwazi kwamba wiki ya tatu mizani inaweza kupanda na kwa nini. Mwisho wa kila mwezi kocha akae naye dakika kumi wazisome kurasa hizo pamoja. Mteja akifika mwisho wa mwezi wa kwanza hajaonyeshwa rekodi yoyote zaidi ya kilo zake, aiulize kabla hajatoa ada ya mwezi wa pili.